Kuvua Pasifiki kwa mara ya kwanza bila kiongozi: mwongozo wa kuanzia San Diego

Nilikulia Pangani, na mshipi nilianza kuushika kabla sijaanza shule. Kwa hiyo nilipohamia San Diego, kusini kabisa mwa California, nilijiona sina haja ya kufundishwa na mtu. Nilinunua fimbo, nikaenda ufukweni Jumapili saa saba mchana kwa kuwa ndiyo saa niliyokuwa na nafasi, nikarudi mikono mitupu. Jumapili iliyofuata vivyo hivyo, na ya tatu pia. Kosa lilikuwa moja tu: safari niliipanga kwa nafasi yangu, sikuipanga kwa maji. Babu yangu asingefanya hivyo hata siku moja. Kabla hajauliza habari ya chambo, aliuliza leo mwezi una siku ngapi.

Haya ninayoandika ni kwa mwenzangu anayeishi pwani ya magharibi ya Marekani, au aliyekuja kutembelea ndugu, na anataka kuvua baharini mwenyewe bila kukodi boti wala kumlipa nahodha. Nimeyaandika kwa San Diego kwa sababu ndiko ninakokujua. Ukiwa Los Angeles au Santa Barbara mengi yatakufaa. Ukiwa Oregon au Washington, soma kwa uangalifu zaidi sehemu za sheria na mawimbi, maana huko mambo hubadilika.

Hatua ya 1: Anza na gati

Boti iache kwa sasa, na miamba iache kabisa. Safari ya kwanza iwe juu ya gati la umma. Pale una ukingo wa kukuzuia, una kina cha maji chini yako bila kulazimika kurusha mbali, na pembeni yako kuna watu waliovua hapo miaka na miaka. Jambo la nne ni la mfukoni: California haidai leseni kwa mtu anayevua akiwa juu ya gati la umma baharini. Sheria nyingine zote zinabaki palepale, za ukubwa wa samaki na za idadi, ila leseni yenyewe huhitaji.

Hapa San Diego mimi humpeleka mgeni kwenye gati la Shelter Island. Limo ndani ya ghuba, halipigwi na mawimbi makubwa, na hata mtoto anaweza kukaa nawe kwa usalama. Gati la Imperial Beach limeingia bahari kuu na linapendeza kwa macho, lakini eneo lile husumbuliwa na maji machafu yanayoletwa na Mto Tijuana, basi tazama matangazo ya afya kabla hujafunga safari. Gati la Ocean Beach wengi watakutajia kwa mazoea. Lilifungwa mwaka 2023 baada ya kuharibiwa na mawimbi. Lile la Oceanside, la mbao na refu kweli, ncha yake iliungua Aprili 2024. Ndiyo maana nasema: siku moja kabla, tafuta habari za gati lenyewe kwenye tovuti ya mji husika. Magati ya Pasifiki huumia kila msimu wa dhoruba, na ramani ya simu haikuambii kila mara.

Hatua ya 2: Panga siku kwa maji

Kaa hapa kidogo, kwa sababu hii ndiyo hatua iliyonigharimu Jumapili tatu.

Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kujaa kwa asubuhi hakutofautiani sana na kwa jioni. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Mtu wa Tanga au Unguja huona bahari inakimbia mpaka majahazi yanalala ubavu. Pasifiki ya hapa nayo hujaa na kupwa mara mbili, lakini hayo mawili hayalingani. Kuna kujaa kukubwa na kujaa kudogo, kupwa kwa kweli na kupwa kwa nusu nusu. Bamvua la San Diego ni la mita mbili na kitu. Ukienda na hesabu za nyumbani, utafika kwenye ule mjao mdogo ukidhani ndio wenyewe, nawe utashangaa samaki wako wapi.

Jedwali la maji hutolewa bure na NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mambo ya bahari na hewa. Tafuta kituo cha San Diego. Vipimo ni vya futi, na ukiona namba yenye alama ya kutoa, ujue maji yatashuka chini ya wastani wa kupwa. Halafu kuna mtego wa saa. Jedwali likisema 6:40 na herufi AM, yaani za asubuhi, mbele yake, hiyo ni saa kumi na mbili na dakika arobaini alfajiri kwa saa yetu. Namjua mtu aliyefika gatini karibu na saa sita na dakika arobaini mchana akiwa na familia nzima na chapati zao, maji yakiwa yameshatoka kitambo.

Sasa chagua siku ambayo kujaa kukubwa kunaangukia alfajiri au magharibi. Fika saa mbili kabla ya kilele, ondoka saa moja baada yake. Maji yakisogea, samaki wadogo husogea, na wakubwa huwafuata. Maji yakisimama, hata chambo kizuri hulala tu. Maji mafu, ile wiki ambayo mwezi ni nusu, si mabaya kwa mgeni, kwa sababu mkondo haukokoti mshipi wako chini ya nguzo.

Baada ya maji, tazama mawimbi. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutangaza urefu wa wimbi na sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Sekunde hizo wengi huziruka, nazo ndizo zenye habari. Wimbi la futi nne kila baada ya sekunde saba ni rabsha ya upepo wa karibu. Wimbi la futi nne kila baada ya sekunde kumi na sita limesafiri maelfu ya maili kutoka dhoruba ya mbali, na likigusa kina kifupi huinuka kwa nguvu usiyoitarajia. Kwetu mwamba wa matumbawe hulivunja wimbi mbali huko nje, nasi tumezoea ufuo mtulivu. Hapa hakuna mwamba wa kukukinga. Kaskazini mwa California, Oregon na Washington, watu hufa kila mara kwa wimbi moja kubwa linaloibuka baada ya dakika kadhaa za utulivu na kuwazoa juu ya jiwe walilodhani ni kavu. Maji nayo ni baridi: hapa San Diego majira ya baridi hushuka hadi kama nyuzi 14 za Selsiasi, na kaskazini ni chini ya hapo hata kiangazi. Mwogeleaji hodari wa Mombasa akiangukia maji hayo na nguo zake, pumzi humkatika kabla mikono haijaanza kazi. Kwa hiyo usiipe bahari mgongo, na miambani usiende peke yako.

Hatua ya 3: Jua sheria kabla hujatia chambo

Kwetu mvuvi wa mshipi haulizwi karatasi. Hapa askari wa wanyamapori huja gatini akiwa na rula, akafungua ndoo yako na kuhesabu. Faini si ndogo, na “sikujua” haisaidii.

Mambo ya kukariri kwa California ni machache. Ukishuka gatini ukasimama ufukweni, mtu wa miaka 16 na zaidi lazima awe na leseni. Leseni ya mwaka siku hizi huhesabiwa siku 365 tangu uliponunua, na ipo ya siku moja kwa mgeni. Ukiwa umeishi California miezi sita mfululizo unahesabiwa mkazi na bei yako inashuka sana, hata kama uraia wako ni wa kwingine. Kila mwaka jimbo hutenga siku mbili ambazo mtu yeyote anavua bila leseni, moja karibu na tarehe 4 Julai na nyingine mwishoni mwa kiangazi. Msamaha wa gati ni wa California. Oregon hudai leseni kuanzia miaka 12 na Washington kuanzia miaka 15, uwe gatini au kwingine.

Juu ya gati la umma usitumie zaidi ya fimbo mbili. Halibati wa California, yule samaki bapa ndugu wa gayogayo, asipofika inchi 22 anarudi majini papo hapo. Garibaldi, samaki wa rangi ya chungwa kali ambaye ndiye nembo ya bahari ya jimbo hili, haguswi. Chewa mkubwa wa California haguswi, na papa mweupe pia.

Kisha mipaka. California ina maeneo ya bahari yaliyohifadhiwa 124, na katika mengine hata kuokota kombe ni kosa. La Jolla ni mfano mzuri wa mtego: ufuo unavutia, maji ni safi, samaki unawaona kwa macho, na sehemu ya Matlahuayl pamoja na ile ya kusini mwa La Jolla ni marufuku kabisa. Ncha ya Point Loma nayo ina hifadhi ya Cabrillo. Fungua ramani ya idara ya samaki na wanyamapori ya California, yaani CDFW, utazame mahali pako kamili. Kanuni za idadi na misimu hubadilika, basi zisome kwenye tovuti hiyohiyo wiki ya safari, usitegemee za mwaka jana wala zangu.

Hatua ya 4: Chagua samaki mmoja

Ukienda kuvua “samaki wowote”, utabeba kila kitu na hutatumia hata kimoja vizuri. Kwa gati, safari ya kwanza, wafuate vibua. Si walewale wa kwetu, lakini ukimwona utamjua: mgongo wa kijani wenye michirizi, mwili mgumu, mapigano makubwa kuliko umbo lake. Huja kwa makundi, hula kwa pupa, na mtoto wa miaka sita anaweza kumpandisha. Chambo chao ni kipande chembamba cha ngisi, urefu wa kidole kidogo, kinachoning’inia kama mkia. Ngisi wa kugandishwa hupatikana kwenye duka la vyambo na hata sokoni kwa Wavietinamu au Wafilipino, kwa bei nafuu zaidi.

Wakati vibua wanakuja na kuondoka, fimbo ya pili ilaze chini kwa ajili ya halibati. Huyo hujifukia mchangani macho yakiwa juu, akingoja kitu kipite. Usimtarajie siku ya kwanza. Ila mshipi wake ukiwa majini, moyo unakuwa na kazi.

Hatua ya 5: Vifaa, kwa ufupi

Fimbo ya futi saba au nane, rili ya kawaida ya kuzungusha kwa mkono wa kushoto, mshipi wa plastiki wenye nguvu ya kuhimili ratili 12 hadi 15. Hiyo inatosha. Dukani watakuonyesha vya gharama mara tano, viache.

Kwa vibua nunua sabiki, msururu wa Kijapani wa ndoana ndogo sita, chubwi (kizito cha kuzamishia mshipi) ya wakia mbili ikifungwa chini. Mgeni namshauri akate nusu abakize ndoana tatu, maana sita zikivurugika utashinda unafumbua mafundo huku kundi likipita. Kwa halibati, chubwi iwe na tundu na iteleze juu ya mshipi mkuu, kisha pete ya kuzunguka, kisha futi mbili za mshipi mwembamba na ndoana. Samaki akivuta, mshipi unapita ndani ya chubwi bila yeye kuhisi uzito.

Fundo moja litakutosha. Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, uzungushe juu ya mshipi wenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kile kitundu cha kwanza karibu na ndoana, kisha kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lilowanishe kwa mate kabla hujakaza. Mshipi mkavu ukikazwa huungua na hukatika siku utakayompata mkubwa. Lifanye mara ishirini nyumbani mbele ya taarifa ya habari.

Ongeza koleo, kisu, kitambaa, utepe wa kupimia wenye inchi, kurunzi ya kichwani, ndoo yenye kamba ndefu, na boksi lenye barafu. Barafu si anasa, nitaeleza. Kwa gati lililo juu sana ya maji utahitaji wavu wa kushusha kwa kamba, kwa sababu samaki mzito akining’inia hewani hukata mshipi. Ukikosa, jirani mwenye wavu atakusaidia ukimwita mapema.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika ukiwa umekula. Tembea gati lote kwanza bila kutoa fimbo. Tazama nani anapata, ameshusha kina gani, anatumia nini. Kisha wasalimie wazee. Wengi wao hapa ni Wafilipino, Wavietinamu na Wameksiko, na adabu yetu ya kuamkia kabla ya kuuliza inaeleweka bila tafsiri. Nimeonyeshwa mengi na wazee wale kwa lugha ya mikono kuliko niliyoyapata kwingine kote.

Shusha sabiki taratibu karibu na nguzo, simamisha katikati ya kina, inua fimbo kidogo, acha ishuke, inua tena. Usipopata kitu kwa dakika kumi, badilisha kina kabla ya kubadilisha mahali. Kwenye magati kadhaa kurusha kwa kupitisha fimbo juu ya kichwa ni marufuku kwa sababu ya wapita njia, soma bango.

Ndege wa mwari watakuja, na simba wa bahari watajaribu kukunyang’anya. Usiwalishe, na sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inawalinda simba hao wa bahari. Mwari akinasa kwenye ndoana yako, usikate mshipi ukamwacha aruke nao, atajinyonga mtini. Mvute polepole, ita msaada, mfunike kichwa kwa kitambaa, mtoe ndoana.

Usimshike kwa mkono samaki usiyemjua. Kuna mmoja mwekundu mwenye miiba ya sumu mgongoni, na kuna taa mdogo wa mviringo mwenye mwiba mkiani. Dawa ya wote wawili ni ileile waliyoijua wazee wetu: maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, uloweke mpaka maumivu yatulie, kisha daktari. Ukishuka kwenye maji mafupi, buruta miguu mchangani usiinyanyue. Taa akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa hupiga.

Hatua ya 7: Samaki akipanda

Mpime kwanza. Asiyefika kipimo arudi sasa hivi, kwa mikono iliyolowa. Anayebaki, mchinje matamvua, damu itoke ndooni, kisha moja kwa moja kwenye barafu. Kibua aliyekaa juani hata saa mbili huzalisha sumu ya kuwasha mdomo na kupiga kichwa, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Hiyo ndiyo sababu ya boksi la barafu.

La kula linahitaji jicho pia. Bahari ya Los Angeles ilitupiwa DDT, dawa ya kuua wadudu, kwa miaka mingi kupitia mifereji ya maji taka, na sumu hiyo bado imo kwenye tope la chini. Kutoka bandari ya Ventura mpaka San Mateo Point, kwenye mpaka wa kaskazini wa kaunti ya San Diego, California inashauri watu wasile kabisa aina tano: kroka mweupe, kroka mweusi, beesi wa mchanga mwenye mistari, topusmelti na mzia. Picha zao zimo kwenye mabango ya magati. Zipige kwa simu. Ghuba ya San Diego ina ushauri wake kwa sababu ya zebaki na kemikali za viwandani, na mipaka kwa watoto na kina mama wenye umri wa kuzaa ni mikali zaidi. Kwa kila samaki wa hapa, ngozi na mafuta toa, vile vya tumboni usile. DDT na kemikali hizo za viwandani hukaa kwenye mafuta, ila zebaki hukaa kwenye nyama yenyewe. Najua supu ya kichwa ni tamu, lakini ya gati la mjini iache.

Ukishazoea gati

Safari ya pili au ya tatu, kata leseni ushuke ufukweni, kwa mfano Silver Strand upande wa Coronado. Mlengwa huko ni sefupachi, samaki mpana wa fedha anayekula palepale povu linapovunjika. Mbinu ni kwenda kwanza siku ya kupwa kukubwa bila fimbo. Mchanga ukiwa wazi utaona mashimo, mifereji na vilima. Vipigie picha ukiwa na alama nyuma, mnara au jengo. Ukirudi maji yamejaa, unajua meza ya samaki iko wapi. Maji yakishafunika, shimo utalitambua kwa kuwa mawimbi hayavunjiki juu yake. Usiogelee hapo: njia hiyohiyo ndiyo mkondo unaovuta watu nje.

Chambo chipo miguuni. Wimbi linaporudi, utaona mchanga umechorwa herufi ya V nyingi ndogo. Hizo ni ndevu za kaa wadogo wa mchangani. Chimba kwa mkono, chagua mwenye gamba laini, mchome ndoana kwa nyuma, urushe si mbali. Wengi hurusha kupita samaki.

Ukifika nyumbani, osha fimbo na rili kwa maji yasiyo na chumvi bila nguvu, kausha kivulini. Kisha, kabla hujalala, andika kwenye daftari: tarehe, mwezi una siku ngapi, saa ya kujaa, sekunde za wimbi, nguzo uliyosimama, na saa aliyokula samaki wa kwanza. Siku ambayo hukupata kitu iandike pia.